Watachoka na Mfupa wa Kabatini

Mwaka jana nilipiga kelele dukani, mwanamke mzima mwenye miwani na mkoba, mpaka muuzaji akaacha kuchezea simu yake. Tulikuwa Dar es Salaam, mimi na binti yangu, kwenye duka la vifaa vya mbwa na paka. Binti alipewa mbwa mdogo na rafiki yake, na kwa wiki mbili tu yule mbwa ameshakula waya wa chaja, kona ya zulia na kiatu changu cha kanisani, cha kushoto. Basi tukaenda kumtafutia kitu cha kutafuna. Ukutani walikuwa wametundika mipira, kamba zenye mafundo, sungura wa kitambaa, na katikati yao mfupa wa mpira, mwekundu. Nikaubonyeza. Ukalia: piii!

"Mungu wangu!" nikasema. "Mfupa wa kabatini!"

Binti akaniangalia kwa huruma. "Mama, hicho ni cha mbwa kuchezea."

Cha mbwa! Miaka yote hiyo, kumbe cha mbwa! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na binti akaanza kutazama mlango kama mtu asiyenijua. Sasa kaa vizuri, rafiki yangu, nikueleze mambo ya mfupa ule, maana nusura unifanye nimpoteze mbwa niliyempenda kuliko watu wengi wa ukoo wetu.

Nililelewa na bibi yangu mzaa baba huko Mshangano, pembeni mwa mji wa Songea, siku zile nyumba zilipokuwa zinaishia hapo na mahindi yanaanza. Wazazi wangu walikuwa walimu, wamepangiwa shule za mbali, wakaona heri nibaki mahali pamoja nisome. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, shangazi yangu ambaye hakuwa ameolewa, na mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye maswali kuliko majibu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kama ulikuwepo, unajua. Kama hukuwepo, ngoja nikuonjeshe: kabla ya hapo sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na mtu akionekana na shati jipya watu waliulizana amelipata wapi. Halafu mara, kila kitu ruksa. Sokoni yakamiminika marobota ya nguo kuukuu kutoka ng'ambo, ambazo wazee waliziita kafa Ulaya, kwa sababu waliamini kabisa kwamba wenyewe wamekufa. Shangazi alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuziuza. Hadi leo nikisikia harufu ya dawa ya nondo namuona amechuchumaa juu ya turubai, anakata kamba za robota kwa wembe, macho yanamng'aa.

Bibi alikuwa mwanamke wa kanisa, na alikuwa na hasira za karibu. Ng'ambo ya ua wetu wa miti aliishi jirani, mama mmoja wa makamo aliyetoka Umatengoni, kwenye kahawa. Walikuwa marafiki wa kuombana chumvi na moto. Sasa siku moja, baada ya sala ya jumuiya, mtu mwenye mdomo mrefu akamletea Bibi maneno kwamba jirani amesema, "Wale wanavaa nguo za wafu, halafu wanajiona." Bibi hakwenda kuuliza. Bibi hakuwa mtu wa kuuliza. Alinyamaza siku tatu, na siku ya nne akaleta mbwa mdogo wa rangi ya udongo, masikio yamelala, akamwita Watachoka.

Kwetu, kumpa mbwa jina ni kutuma barua bila kununua stempu. Hutaji mtu, hutukani mtu. Jioni unasimama uani, unamwita mbwa wako akale, na aliyekusudiwa anasikia vizuri kabisa. "Watachokaaa!" Bibi aliita, uso ameuelekeza kwenye ua wa jirani, wakati mbwa mwenyewe yuko miguuni pake. Maana yake: semeni tu, mtachoka wenyewe.

Wiki mbili hazikupita, jirani naye akapata mbwa. Jioni tukasikia ng'ambo, kwa sauti nyororo ya kwaya: "Hatuchokiii!"

Basi ikawa hivyo, jioni hadi jioni. Huku Watachoka, kule Hatuchoki. Jumapili kanisani walipotakiwa kupeana amani walipeana, kwa ncha za vidole. Shangazi na mimi tulikuwa tunaingia jikoni kucheka, tukiziba midomo kwa khanga.

Watachoka yeye hakujua kwamba ni barua. Alikuwa mbwa wangu. Asubuhi za mwezi wa sita, baridi ya Songea inapokung'ata vidole vya miguu, alinilalia miguuni huku nikiota moto wa magunzi na kunywa uji wa ulezi. Alinisindikiza shule hadi darajani na kurudi peke yake. Mtoto mwenye wazazi mbali anahitaji mtu wa kumsubiri mahali, na wangu alikuwa na mkia. Kasoro yake ilikuwa moja: alikuwa anaota meno, na alitafuna dunia. Alitafuna ndala za Bibi, mguu wa kigoda, mpini wa jembe. Alitafuna hata kitabu cha nyimbo, nusu ya Kwaresima ikaenda.

Hapo ndipo ulipokuja mfupa. Shangazi alifungua robota moja la nguo za watoto, na ndani yake, katikati ya visweta, kukawa na kitu chekundu cha mpira, umbo la mfupa, ukikibonyeza kinalia piii. Tulikibonyeza wote kwa zamu, Bibi mara mbili. Tukajadili. Bibi alisema ni cha watoto wachanga wa huko, wanaotafuna wanapoota meno. Shangazi alisema hapana, hilo ni pambo, wazungu wana mambo yao. Pambo likashinda. Likawekwa juu ya kabati la vyombo, kwenye kitambaa cha kufuma, kati ya picha ya Bikira Maria na glasi sita zenye maua ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzinywea maji. Wageni wakija Shangazi alilibonyeza, wakashangaa, na yeye akaketi ameridhika.

Maskini Watachoka! Kila likilia, masikio yake yaliyolala yalisimama. Alikaa chini ya kabati, amelitazama, anatetemeka na kulia kidogo kidogo. Sisi tukasema mbwa huyu ana mashetani. Mbwa peke yake katika nyumba nzima ndiye aliyejua kile ni kitu gani, na hakuna aliyemuuliza.

Siku moja tukiwa nje tunapukuchua mahindi, Bibi anapiga gunia kwa fimbo na sisi tunapepeta, tukasikia kishindo ndani. Watachoka alikuwa amerukia kabati. Glasi nne za maua zilikuwa vipande vipande sakafuni, na yeye amesimama katikati yake na mfupa mdomoni, unalia piii, piii, mkia unacheza. Sijawahi kuona kiumbe mwenye furaha namna ile.

Shangazi alilia. Na alikuwa na haki, maana baada ya Jumapili mbili wangekuja washenga, watu wa upande wa mchumba wake, na nyumba isiyo na glasi inasema mengi kabla ya watu kufungua midomo. "Mama, chagua," akamwambia Bibi. "Mimi au mbwa."

Bibi alichukua mfupa, akaupangusa, akaurudisha kabatini. Kisha akatoa hukumu. Kulikuwa na ndugu yetu mwenye shamba porini, kupita Peramiho, anayehitaji mbwa wa kufukuza ngedere na nguruwe pori. "Akiharibu kitu kimoja tu, hata kijiti, kabla ya Jumapili hiyo, anakwenda shamba."

Nikauliza, "Na huko akizeeka?"

"Huko mbwa hawazeeki, mjukuu wangu," akasema, na akaondoka haraka, nadhani kwa kuwa naye lilimuuma.

Basi nikawa na wiki mbili. Akili ya miaka tisa ikaniambia hivi: mbwa hawezi kuacha kutafuna, ila anaweza kupewa cha kwake. Nikaanza na kilichokuwa tele. Nikachukua gunzi, nikalipaka mafuta ya nyama kidogo, nikampa. Akalipenda mno. Akalivunja kwa magego, na kipande kikamkwama kooni. Alikohoa, akazunguka, macho yakamtoka, akaanguka upande. Nilipiga mayowe ambayo nadhani yalisikika hadi mtaa wa Ruhuwiko.

Mungu si Athumani. Bwana mifugo alikuwa anapita na baiskeli yake kwenda kuchanja kuku. Aliitupa chini, akamshika Watachoka kwa magoti, akaingiza vidole viwili mpaka ndani, akachomoa. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo tu. Nikalia kwa kwikwi, na yeye, badala ya kunigombeza, akakaa chini na mimi, suruali yake safi juu ya makapi ya mahindi.

"Sikiliza, mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoita kila mtoto wa kike. "Gunzi likipita koo, linakwama tumboni, na huko vidole vyangu havifiki. Cha mbwa kutafuna kiwe kikubwa kuliko koo lake. Kisimeguke. Na kisiwe kigumu kupita kiasi. Kwaruza kwa ukucha: kisipoacha alama yoyote, kitamvunja meno. Na chochote chenye kitu kingine ndani yake, ogopa hicho kitu cha ndani."

Nilikariri kama katekisimu. Kikubwa kuliko koo, kisimeguke, kipokee ukucha, na ndani kusiwe na kitu. Nikazunguka Mshangano nzima na ukucha wangu. Mifupa ya kuku: inachongoka, hapana. Kwa fundi wa viatu vya matairi nikaomba kipande cha tairi, nikakipapasa pembeni, waya mwembamba ukanichoma kidole, hapana. Nikatengeneza mpira wa matambara, nikaufunga kwa kamba za robota. Huo aliufumua kwa usiku mmoja, na kesho yake kamba zikaanza kutoka upande wa pili wa mbwa, mimi nyuma yake nikimwomba Mungu zitoke zote. Zilitoka. Lakini siku zilibaki nne, na Bibi alishatuma ujumbe shambani, wakae tayari.

Jioni ile nilikaa peke yangu kwenye ua, nimemkumbatia Watachoka, nikawa naangalia ng'ambo kupitia matawi. Na nikamwona Hatuchoki. Alikuwa na umri uleule, meno yaleyale, lakini nyumba ya jirani haikuwa na kelele za ndala wala glasi. Hatuchoki alikuwa amelala kizingitini, ameshika kitu kati ya miguu ya mbele, anatafuna polepole, macho nusu yamefumba.

Sijui kama unaelewa uzito wa ua ule. Nilikuwa sijavuka tangu barua zianze. Kuvuka ilikuwa kama kumtukana Bibi. Lakini nilikumbuka shamba, nikapita chini ya matawi kwa magoti, Watachoka nyuma yangu.

Jirani alikuwa anakaanga kahawa kwenye chungu, moshi mtamu umejaa uani. Akanitazama mimi, akamtazama mbwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na huyo je, hajachoka?"

Sikuweza kucheka. Nikamwaga yote, kabati, glasi, gunzi, shamba, machozi na makamasi pamoja. Akasikiliza akiendelea kukoroga kahawa yake. Nilipomaliza, aliipua chungu, akaenda kizingitini, akamnyang'anya Hatuchoki kile kitu, akanipa nishike. Kilikuwa shina la mti, la kahawia, nene kama kifundo cha mkono wangu, zito, limejaa alama za meno. Nikakwaruza kwa ukucha. Likaacha alama, hafifu.

"Mti wa kahawa," akasema. "Kaka yangu anaikata miti mikuukuu ichipue upya. Huu hautoi vibanzi, unalika kidogo kidogo kama unga. Kwetu mbwa wote wanapewa." Kisha akachukua msumeno, akalikata lile shina katikati, kwa sababu halikuwepo jingine. Nusu akamrudishia Hatuchoki, nusu akampa Watachoka kwa mkono wake mwenyewe. Bado vipande vyote viwili vilikuwa vikubwa kuliko koo. Nikapima.

"Usimwambie bibi yako," akaniambia nikiwa naondoka. "Atalitupa." Na baada ya hatua chache: "Na zile nguo za wafu, mjukuu wangu, sikusema mimi. Mimi mwenyewe natamani sweta."

Siku nne zile hakuna kilichoharibika. Watachoka aliamka na shina lake, akalala nalo, akanisindikiza nalo hadi darajani. Bibi aliliona. Alinitazama, akaendelea kufagia.

Jumapili washenga wakaja, wazee watatu wenye makoti. Nyumba ilinukia kuku na wali, na togwa ilikuwa kwenye mitungi. Glasi mbili zilizobaki zikapewa wakubwa wawili, wa tatu akapewa kikombe. Mazungumzo yakaenda polepole, kama yanavyokwenda. Nikiwa mlangoni nimekaa na Watachoka, nikaona mshenga mkuu ananyanyuka, ananyoosha mgongo, anasogelea kabati. Akauchukua mfupa. "Hiki nacho ni nini?" akasema, na kabla Shangazi hajafumbua mdomo, akaubonyeza.

Piii!

Masikio ya Watachoka yakasimama. Nikamshika shingoni, akanichomoka. Shangazi akafumba macho. Bibi akaweka mkono kifuani. Watachoka alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya mshenga, akasimama, akautazama mfupa juu, akamtazama yule mzee. Kisha akainama, akaliweka shina lake la kahawa juu ya kiatu cha mzee, akarudi nyuma hatua moja, akakaa kusubiri.

Wazee wakatazamana. Mshenga mkuu akaanza kutikisika mabega. "Jamani," akasema, "huyu naye amekuja na mahari yake!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga togwa. Shangazi alicheka. Bibi alicheka, akafuta macho kwa pembe ya khanga, na mambo mengine yote siku ile yalikwenda kama maji. Mzee akamrudishia Watachoka shina lake kwa heshima zote, akauliza, "Na hili kalitoa wapi? Huu mti wa kahawa, hapa hamna kahawa."

Bibi akanigeukia. Nikasema kweli, mbele ya watu. Kwamba nilivuka ua. Kwamba jirani alimnyang'anya mbwa wake akagawa nusu. Nikamalizia na lile la sweta, maana nilishaanza.

Bibi aliwasindikiza wageni hadi barabarani. Aliporudi alipakua kuku, paja zima, akafunika sahani kwa kitambaa kile cha kufuma cha kabatini. Na kutoka kwenye bidhaa za Shangazi akachagua sweta la kijani, akalinusa kama bado lina dawa ya nondo, akalikunja. "Mpelekee jirani," akasema. "Mwambie mimi nimechoka."

Nikaenda. Jirani alivaa sweta papo hapo, akakaa na sahani mapajani. "Mwambie hata mimi," akasema. Na kwa kuwa sahani ya mtu hairudi tupu, aliijaza kahawa iliyokaangwa. Kesho yake waliinywa pamoja, wamekaa uani, Bibi kwenye kigoda kilicholiwa mguu, na mbwa wawili chini yao wakitafuna mti mmoja.

Shamba la ngedere likatafuta mbwa mwingine. Watachoka alizeeka kwetu mpaka akawa na mvi mdomoni, na mashina ya kahawa yalikuja kila mwaka katika mfuko wa jirani. Majina hawakuyabadilisha. Waliendelea kuita kila jioni, huku na kule, ila sasa waliita wakicheka, mmoja akichelewa mwenzake anauliza kama anaumwa.

Dukani ule mfupa sikuununua. Ndani yake kuna kifilimbi, na ogopa kitu cha ndani. Lakini kwenye rafu ya chini, nakuapia, nilikuta mti wa kahawa, umefungwa kwenye nailoni na maandishi ya kigeni, umesafirishwa sijui kutoka wapi. Nikakwaruza kwa ukucha juu ya nailoni, muuzaji akanitazama. Nikachukua miwili.

Desemba tukaenda na mmoja Songea, mimi na binti. Mshangano si ile. Mahindi yamesogezwa mbali, ua wa miti umekuwa ukuta wa matofali, na nyumba ya Bibi ina wapangaji wenye dishi juu ya bati. Hakuna anayepiga gunia kwa fimbo, mashine inapukuchua. Bibi amelala makaburini, Shangazi ana wajukuu. Nilisimama pale barabarani nikatafuta hata harufu moja ya zamani, nikaikosa.

Lakini jirani yupo. Macho yamefifia, amekaa kizingitini na sweta, siyo lile, lakini la kijani. Nikamwamkia, akanipapasa uso kwa vidole. "Ni yule wa magoti," akasema. Binti akampa ule mti wa dukani. Akautoa kwenye nailoni, akaunusa, akauliza kwa mshangao, "Mjukuu wangu, mmenunua kuni?"

Jua likaanza kuzama nyuma ya bati. Yule mama akainua kidevu, akaelekeza uso kwenye ukuta wa matofali, akaita kwa sauti iliyopasuka lakini bado ya kwaya:

"Watachokaaa!"

Mbwa mdogo wa rangi ya udongo akatoka mbio nyuma ya nyumba, akaukamata ule mti, akalala nao miguuni kwa binti yangu. Nikachuchumaa, nikamshika masikio.

"Tangu bibi yako aondoke, jioni zilikuwa kimya mno," akasema. "Nikaona nani ataliita jina hili, kama si mimi?"

Basi nikainuka, rafiki yangu, na miwani yangu na mkoba wangu. Nikatoka getini, nikazunguka hadi upande wa kwetu wa ukuta, wapangaji wananitazama dirishani, nikaita kwa pumzi zote nilizonazo:

"Hatuchokiii!"

Hakuna mbwa aliyekuja. Lakini ng'ambo ya ukuta nilimsikia yule mama akicheka, akicheka, mpaka akamwomba binti yangu maji ya kunywa.